Chemchemi Iliyohamishwa na Ramani

Hapa mwanzo nilikuwa nimeandika kwamba ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. Nimefuta. Ilikuwa elfu mbili na ishirini na moja, maana nakumbuka Wakiuru alikuwa ameteremsha barakoa mpaka kidevuni ili asome simu vizuri, na mwaka wa kumi na nane nani alikuwa na barakoa? Watu wa Gakindu wanaweza kunisahihisha tena kuhusu tarehe. Lakini mambo yenyewe sijayakosea, na hasira yangu haijapoa.

Mimi kazi yangu ni kupandikiza avokado. Nakata kijiti cha mti mzuri, nakifunga juu ya mche wa kienyeji, kisha naendelea na safari, leo niko Gakindu, wiki ijayo Karatina, mwezi ujao huko juu Nanyuki. Asubuhi hiyo nilikuwa nateremka kwenda kwa mteja, nikamkuta Wakiuru, mama anayetunza mabomba ya maji ya kijiji, amesimama ndani ya chemchemi ya Kwa Nduta. Maji yalikuwa yanamfika vifundoni, na simu ameishika mbele ya kifua kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikamsalimu. Akainua kidole, ninyamaze. Nikanyamaza, nikakaa juu ya jiwe, tukangoja sijui nini.

"Imefika tatu," akasema mwishowe, akabonyeza. "Sasa habari ya asubuhi, Wamae."

Nikamuuliza tatu ya nini. Akaniambia simu ikianza kutafuta mahali ulipo haina uhakika, inaweza kukosea kwa mita kumi na moja, na ukiwa na subira inakaribia mpaka inakosea mita tatu tu. Wenzake wengine walikuwa wanabonyeza tu ikiwa kumi na moja ili waende nyumbani. Yeye alikuwa amesimama ndani ya maji baridi karibu nusu saa. Nataka msomaji akumbuke hiyo nusu saa.

Wakiuru alizaliwa karibu na soko la Gakindu, nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha kahawa. Aliolewa na Ngatia, fundi wa mabomba aliyefanya kazi Nanyuki katika hoteli moja wanakofikia wanajeshi wa kigeni wakitoka mazoezini. Wanajeshi wale, aliniambia, wanapenda kuoga kuliko kula, na siku wakirudi kutoka porini mabomba yote ya hoteli yalikuwa yanalia. Ngatia hakuwa na msaidizi. Basi mke wake akawa anashika upande mmoja wa bomba na yeye anakaza upande wa pili, mpaka siku moja Ngatia akaona kwamba upande wa Wakiuru hauvuji na wake unavuja. Hakukasirika. Alimnunulia spana yake.

Ngatia alipofariki, mwaka wa tisini na sita, Wakiuru alirudi Gakindu na mtoto wao Munene, na spana ndani ya kiondo. Wakati huo watu walikuwa wanachimba mtaro wa mradi wa maji kutoka Kwa Nduta. Kila nyumba ilipewa futi thelathini za kuchimba, na sehemu yako ikibaki inajulikana. Hata leo kuna kona inaitwa Kwa Mgonjwa, kwa sababu mwenye futi hizo alisema mgongo unamuuma siku zote nne za kuchimba, na siku ya tano akaonekana akicheza densi kwenye harusi. Wakiuru alichimba futi zake, kisha akaomba kazi ya kufunga mabomba. Mwenyekiti akasema haifai mwanamke kushuka mtaroni mbele ya wanaume. Wakiuru akamwambia haina shida, wanaume watoke.

Walitoka. Na kutoka hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, yeye ndiye aliyekuwa akitembea kwenye laini ya maji. Nyumba mia moja na arobaini na shule ya msingi zilikuwa zinakunywa maji kwa miguu yake. Alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, upande mmoja anaugusisha kwenye bomba, upande wa pili anauweka nyuma ya sikio, anasikiliza. Akisema linavuja hapa, unachimba hapo na unapata limevuja. Sijamwona akikosea, na mimi nimezunguka.

Sasa ile simu. Ofisi ya maji pale Nyeri ilikuwa imeamua kuchora ramani ya chemchemi na koki na mabomba yote, na badala ya kuleta wageni ikawapa simu watu wanaotembea kwenye laini. Ofisa aliyewafundisha ni binti mmoja anayeitwa Phelister, mtu wa kutoka upande wa Siaya, mpole, anasema na watu wazima kwa heshima. Wakiuru alitembea siku kumi na moja. Simu aliibeba ndani ya mfuko wa unga ili isilowe. Aliporudisha kazi, Phelister alimwambia hakuna ramani iliyo safi kama yake katika eneo letu lote la Mukurweini. Wakiuru alinihadithia maneno hayo mara tatu siku hiyo hiyo, na mimi nilimwacha anihadithie.

Yanayofuata niliyaelewa baadaye, Phelister alipotueleza pole pole. Ofisi ya maji ilikuwa na ramani yake. Ofisi ya barabara ilikuwa na yake, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Nairobi, na hiyo ilikuwa haifunguki ila kwa programu ya kampuni hiyo hiyo. Kwa hivyo barabara ya lami ilipopangwa kupita kwetu, mtu wa barabara hakuweza kuona ramani ya maji, na mtu wa maji hakuweza kuona ya barabara, na ofisi zao zinatenganishwa na uwanja wa kuegesha magari. Wakafanya nini? Wakaombana nambari. Phelister akachapisha nambari za mahali chemchemi zilipo, ukurasa baada ya ukurasa, na karani wa upande wa pili akaziingiza upya kwa vidole.

Mara ya kwanza karani alibadilisha safu mbili. Nambari za kusini akaziweka mahali pa zile za mashariki. Chemchemi zote za Mukurweini zikatokea baharini, karibu na nchi ya Hispania. Ofisi nzima ilicheka, wengine walipanda ngazi kutoka chini kuja kuona. Wakarekebisha.

Kosa la pili halikumchekesha mtu, na ndilo lililotuumiza. Ramani ya kampuni ilikuwa imechorwa juu ya ramani za zamani za mashamba, na hizo zinaanza kuhesabu mahali tofauti na pale simu inapoanzia. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo, kwetu ni kama mita mia tatu. Hakuna aliyeandika popote kwamba nambari hizi zimehesabiwa kutoka wapi. Basi kila chemchemi ikateremka kusini mita mia tatu, na kwa kuwa ilibaki bado Mukurweini, bado ndani ya kahawa, nani angeshtuka? Chemchemi ya Kwa Nduta ikavuka mto, ikaingia shambani kwa Kingori.

Mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata, ramani ya barabara ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya chifu, ili mwenye pingamizi aseme. Wakiuru alikuwa hajaiona bado. Aliyemletea habari ni Kingori mwenyewe, jirani yake wa ng'ambo, mzee wa kanisa na mtu mwema siku nyingi za mwaka.

Lazima nieleze kitu kimoja kuhusu sisi watu wa huku. Mashamba yetu yalikatwa kwa ramani. Mababu zetu walipata au walikosa kwa ramani, na kesi za ndugu na ndugu zimeisha mahakamani kwa karatasi kufunuliwa mezani. Mtu wa kwetu akiona mstari kwenye karatasi ya serikali na macho yake yakamwonyesha kitu kingine, atayashuku macho. Kwa hivyo Kingori alipoona alama ya buluu katikati ya shamba lake hakusema ramani imekosea. Alisema serikali imeona maji chini ya kahawa yake kwa mitambo yake. Akang'oa miti ya kahawa ishirini na mitatu, akachimba.

"Maji yamehamia kwangu, mama Munene," akamwambia Wakiuru, bado ana udongo kwenye viatu.

"Basi chota," Wakiuru akamjibu. "Nami nitakuja na mtungi."

Alichimba futi kumi na nne, akapata udongo mwekundu, na chini yake udongo mwekundu mwingine. Miti ile ilipandwa na baba yake. Huyo ndiye wa kwanza aliyeumizwa, na hakuna ofisi iliyomhesabu.

Wakiuru aliposimama mbele ya ubao alielewa mara moja hatari iko wapi. Mstari mwekundu wa barabara ulikuwa unapita upande huu wa mto, juu ya njia ya kwenda Kwa Nduta. Kwenye karatasi hapakuwa na kitu hapo. Kwenye ardhi hapo ndipo maji yalipokuwa yanatoka. Barabara ikipita hapo, nyumba mia moja na arobaini zinarudi mtoni na mitungi mgongoni. Akaandika pingamizi yake kwa mkono, akaipeleka.

Mkutano ulifanywa wiki mbili baadaye, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa na miche ya chifu. Injinia wa barabara alikuwa kijana mmoja aitwaye Munyao, amevaa buti safi sana. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alisikiliza pingamizi, akafungua kompyuta yake, akaigeuza ili watu waone, akaeleza kwamba chemchemi zote zimezingatiwa, hii iko ng'ambo ya mto, barabara haitaigusa.

"Hiyo chemchemi niliitia kwenye ramani mimi mwenyewe," Wakiuru akasema.

"Sasa mama, unapinga kazi yako?"

Watu wakacheka. Hata chifu alicheka, na chemchemi hiyo ndiyo iliyompikia chai asubuhi hiyo.

"Nilisimama ndani yake, Injinia. Viatu vililowa."

"Viatu haviingii kwa kompyuta, mama."

"Basi twende na vyako. Ni dakika kumi kutoka hapa."

Injinia akaangalia saa. Alikuwa na mkutano mwingine Kenol, na Kenol si hapa. Akasema ikiwa kuna tatizo la ramani, waliotoa nambari ni ofisi ya maji, wapelekewe wao. Akafunga kompyuta. Dakika kumi. Nimezihesabu dakika hizo mara nyingi, nikiwa njiani peke yangu, na kila nikizihesabu damu inapanda.

Kesho yake Wakiuru alikwenda Nyeri, nami nikamsindikiza. Phelister alituketisha, akafungua ramani ya maji. Chemchemi ilikuwa mahali pake, upande wetu, sawasawa. Alishangaa, kisha akasema anafikiri anajua, ila hawezi kuonyesha mpaka aone ramani ya barabara yenyewe, si picha yake kwenye ubao.

Hapo ndipo alipotueleza. Duniani kote, alisema, watu wanaochora ramani walikubaliana zamani juu ya kanuni za wazi. Hazina mwenyewe, hazinunuliwi, yeyote anaweza kuzisoma na kuzifuata. Kila ofisi inabaki na ramani yake, inaitunza yenyewe, lakini inaiweka kwenye mtandao kwa namna inayojulikana na wote. Ofisi nyingine ikitaka kuiona inaomba kwa maneno yale yale, inajibiwa kwa namna ile ile, na unaweza kupanga ramani ya huyu juu ya ramani ya yule kama karatasi mbili kwenye mwanga wa dirisha. Na kila ramani, ikitoka, inasema yenyewe inahesabu kutoka wapi. Hakuna mtu wa kuandika nambari upya, kwa hivyo hakuna wa kuzikosea.

Wakiuru alikuwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza bomba.

"Ni kama meno ya bomba," akasema. "Nikinunua koki ya nusu inchi Nanyuki, itaingia kwa soketi niliyonunua Kenol. Waliozitengeneza hata hawajuani."

"Ndiyo hivyo kabisa, mama."

"Na hao wa barabara, yao ina meno gani?"

Phelister akacheka kidogo, lakini bila furaha. Ramani ya maji, alisema, yeye mwenyewe alikuwa ameshaiweka kwa kanuni hizo tangu mwaka uliopita, lakini programu ya barabara ilikuwa haiisomi. Ramani ya barabara pia ingeweza kuwekwa hivyo. Ile programu ya kampuni ilikuwa na uwezo huo ndani yake, ni kitufe tu, lakini kampuni ilikuwa imekizima, na ili ikiwashe ilitaka barua kutoka kwa mkubwa wa barabara, iliyopitia kwa mkubwa wa maji, ikisema ramani inahitajiwa kwa kazi gani na ni nani ataiona. Akaandika barua siku hiyo hiyo. Tulimwona akiandika.

Barua ilikaa wiki tano. Phelister alikuwa akivuka ule uwanja wa magari kila Ijumaa kuiulizia. Mara iko kwa mkubwa, mara mkubwa yuko semina, mara imerudishwa kwa sababu mhuri haukukolea. Wakiuru alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa jioni, na mimi, nikiwa mbali, nilikuwa nampigia Wakiuru.

Greda lilifika Kwa Nduta siku ya Jumatatu. Dereva wake, Maxwel, alikuwa mtu wa maana kuliko wengi kwenye hadithi hii. Alipoona sanduku la saruji la kukingia chemchemi na maji yanayomwagika alizima injini bila kuambiwa. Wakiuru alikuwa amesimama pale na spana yake, na Kingori alikuwa amevuka mto na kusimama karibu naye, kofia mkononi, kwa sababu alikuwa ameshajua ni kosa la nani na si la nani. Maxwel akampigia Injinia Munyao, akaweka simu wasikie wote.

"Bosi, hapa kuna chemchemi."

"Kwenye ramani hakuna. Hiyo mnaona ni tangi la watu."

"Inatoka chini, bosi. Naiona ikitoka."

"Maxwel, kwenye karatasi hiyo ni tangi. Tangi linahamishwa. Endelea."

Maxwel alishuka, akamwomba Wakiuru msamaha kwa jina lake la ukoo, kwa heshima, kama mtoto wake. Alimwambia ana watoto shuleni. Wakiuru alisogea. Watu wengine wanamlaumu kwa kusogea. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na lile ni greda. Walimwaga mawe lori nne, wakamwaga maramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, wakashindilia. Kufikia saa kumi mtu aliyekuwa mgeni asingejua kwamba hapo palikuwa na kitu.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo kitufe kiliwashwa. Phelister aliziweka ramani mbili pamoja kwenye kompyuta yake, ya maji na ya barabara, kila moja ikisema inahesabu kutoka wapi, na kompyuta ikazipatanisha yenyewe. Aliniambia haikuchukua hata dakika moja. Mstari mwekundu ulikuwa umepita katikati ya alama ya buluu. Akapiga simu huku analia. Wakiuru akamwambia pole, maana sisi wa huku ndio tunaowaambia wenzetu pole hata tukiwa sisi tuliofiwa.

Maji hayakukubali sana. Baada ya miezi miwili yalipasua barabara, wakaja kuchimba, wakaweka kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, na sasa yanatoka upande wa chini, machache, ya rangi ya udongo. Laini ya mradi imekauka. Wanawake wa Gakindu wameshuka mtoni tena, Wakiuru pamoja nao. Nilimkuta mwezi uliopita akipanda mlima na mtungi mgongoni, amesimama kupumua pale Kwa Mgonjwa. Nilitaka kumpokea mtungi akakataa, akasema mgongo wangu ni mbaya kuliko wake, na ni kweli. Hakulalamika. Ndiyo maana nalalamika mimi.

Na sasa sikilizeni hili. Mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne tuliitwa Nyeri, ukumbi wa hoteli, viti vimevalishwa vitambaa. Ofisi zote zilikuwa zimeamua kufuata kanuni za wazi. Barabara, maji, umeme, mashamba, zote zikaonyeshwa pamoja kwenye ukuta, moja juu ya nyingine, na kila mtu anaweza kuziona hata kwa simu yake bila kuomba ruhusa. Ni kitu kizuri, sitasema uongo, nilipendezwa nacho. Wakubwa walipigiana makofi. Wakakaribia Gakindu, wakakaribia zaidi, na chemchemi ya Kwa Nduta ikaonekana mahali pake pa kweli, sawasawa kwa mita tatu, chini ya lami. Mtu mmoja akasema, oneni usahihi huo. Wakamwita Wakiuru mbele wakampa cheti chenye fremu, kwa mchango wake. Alikipokea kwa mikono miwili. Phelister alikuwa amekaa nyuma, anaangalia sakafu. Injinia Munyao alikuwa amekaa mbele, sasa ni mkubwa kidogo.

Walipouliza kama kuna mwenye swali, niliinua mkono. Sina masomo mengi, lakini nilishika maikrofoni. Niliuliza swali moja tu. Msimamizi alinishukuru, akasema maswali yote yatajibiwa kwa maandishi, na chai iko tayari. Niliacha jina na nambari ya simu. Nimepita pale mara mbili tangu siku hiyo, nikaambiwa niangalie kwenye tovuti, nikamwomba Munene mwana wa Wakiuru aniangalizie, hakuna kitu. Nililouliza ni hili: ile ramani ya barabara yetu, iliyochorwa kwa kodi yetu, wiki zote tano ilipokuwa imefungiwa, walikuwa wanamficha nani?